Mikwaruzo kwenye Pikapu ya Mzee Saidi

Skola mwanangu,

Nimekaa uani, kwenye lile benchi lenye madoa ya rangi, karatasi nimeiegemeza juu ya kipande cha plaiwudi. Ni saa tisa alasiri na mvua imekatika sasa hivi. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi, hatawaacha mtoke bila kula, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma. Mambo ya begi, chakula cha njiani, kupiga simu ukifika na kutokosa misa, mama yako ameshayasema na kesho atayasema tena mpaka basi liondoke. Mimi sina la kuongeza hapo.

Nina jambo moja tu, na nilipaswa kukuambia mwaka jana. Naliandika mapema nisije nikalizungukia mpaka karatasi ikaisha: ile mikwaruzo kwenye boneti ya pikapu ya Mzee Saidi hukuiweka wewe. Niliiweka mimi. Na nilijua siku ileile.

Ukitaka, pumzika kwanza kabla hujaendelea kusoma. Mimi mwenyewe nimesimama nikazunguka uani mara mbili baada ya kuiandika sentensi hiyo.

Mengine unayajua, lakini nivumilie niyaseme yote kwa mpangilio, maana wewe ulikuwepo nusu tu.

Ulikuwa ndiyo umemaliza chuo cha ufundi, mwezi wa saba, ule wakati wa baridi ambapo upepo wa milima ya Matogoro unashuka kama umetumwa. Mzee Saidi alikuja na pikapu yake nyeusi kutoka Nalasi, mlango wa nyuma umebonyea, akaniachia siku tatu niunyooshe yeye akiwa kwa dada yake hapa Lizaboni. Mlango nikaunyoosha vizuri. Siku iliyofuata asubuhi nikawa napulizia rangi nyeupe lile basi dogo la shule, na pikapu imesimama hatua kumi tu kutoka kwenye kompresa. Ningeweza kuisogeza. Ningeweza hata kuifunika turubai, na turubai lilikuwepo. Nikasema upepo si mkali. Nilipovua barakoa, pikapu nyeusi ilikuwa imenyeshewa vitone vyeupe kuanzia paa mpaka kwenye matairi. Ukiwa mbali huvioni. Ukipitisha kiganja, unadhani umeshika msasa.

Nilichowaza mara moja ni kuikwangua yote na kuipiga rangi upya. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu, miaka yote. Gari likija limepauka, msasa na rangi mpya. Likija na utomvu wa miti, msasa na rangi mpya. Wewe ndiye uliyenizuia.

“Baba, usiikwangue. Rangi yake ni nzima.”

“Nzima wapi, na inakwaruza hivi?”

“Kinachokwaruza ni kilichokaa juu. Nipe leo tu, nikishindwa uendelee na msasa wako.”

Ukaingia ndani ukatoka na kile kikopo chako. Ndani kulikuwa na ule udongo wa kusafishia rangi uliouagiza kwa mtu wa Dar, ukaletwa na basi kama barua. Mimi nilikuwa nimeucheka tangu ulipofika. Kipande laini cha rangi ya bluu, hakizidi mche mdogo wa sabuni, kama ule udongo wa kuchezea watoto wa chekechea. Nilisema nimesomesha mtoto ufundi ili aje afinyange vikombe.

Ukaosha gari kwanza, ukaliacha likatoa maji. Ukavaa mkononi ile nailoni ya mkate, ukapitisha vidole juu ya mlango, ukaniita nami nivae. Ndani ya nailoni nilizisikia chembe moja moja, hata zile ambazo kiganja kitupu hakizipati. Nimepiga rangi tangu kabla hujazaliwa na sikuwahi kujua jambo hilo. Halafu ukanyunyiza maji ya sabuni, ukaubonyeza udongo ukawa bapa kama chapati ndogo, ukaanza kuuteleza kwenda na kurudi, vidole viwili tu, bila kukandamiza. Mwanzoni udongo ulikuwa unalia kwa sauti ya kukwama. Baada ya kidogo sauti ikapungua, ikapotea. Ukaugeuza, ukanionyesha vitone vyangu vyeupe vimeng'ang'ania kwenye udongo, ukaukunja ndani, ukaukanda, ukapata uso safi, ukaendelea. Ulipofuta na kitambaa, mlango ulikuwa mweusi kama ulivyotoka kiwandani, na mkono ulikuwa unateleza wenyewe.

Ulifanya hivyo kutwa nzima. Milango yote, paa, ubavu huu na huu. Mara mbili nilikusikia ukisema, tena bila kuniangalia, kama mwalimu: “Udongo ukianguka chini, ni wa kutupa. Hata kama ni mpya.”

Jioni yule mwenye basi la shule akaja kuangalia gari lake. Akapita kwenye pikapu, akapapasa mlango, akapapasa tena, akaniambia huku anacheka, “Fundi, huyu binti ameshakuzidi. Wewe sasa kaa kivulini.” Nikacheka naye. Ndani, Skola, kuna kitu kilinichoma. Baba mwenye akili angefurahi kusikia maneno hayo. Mimi niliyasikia kama vile nimeambiwa nikusanye vifaa vyangu niondoke.

Ukamaliza boneti jua likizama. Ukaniambia, “Boneti bado kuna chembechembe huku mbele, mwanga umeisha. Kesho asubuhi nitaipitia tena. Usiiguse, baba.” Ukanawa, ukakimbilia mazoezi ya kwaya.

Nikaigusa.

Nilitaka ukirudi ukute imekwisha, uone kwamba na mimi naweza. Maji ya sabuni yalikuwa yameisha, nikachota maji matupu. Nikakandamiza kwa kiganja kizima, kama ninavyokandamiza msasa, maana mkono wangu haujui namna nyingine. Udongo ukanikwama, ukaniponyoka, ukaanguka kwenye mchanga. Nikauokota. Nilikumbuka maneno yako, usidhani nilisahau. Nikaufutia kwenye ovaroli nikaendelea. Nilisikia sauti, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, nikajiambia ndiyo uchafu unatoka. Nilipoona giza linaingia, nikakata ule upande mchafu nikautupa, uliobaki nikaurudisha kwenye kikopo chako, nikafunika vizuri kabisa.

Asubuhi Mzee Saidi akaja mapema, jua limeinama, linapiga boneti kwa ubavu. Jua la namna ile halifichi kitu. Mikwaruzo ilikuwa imejaa, mduara juu ya mduara.

“Fundi, hii nini tena?”

Wewe ulikuwa umesimama na kitambaa mkononi. Mama yako alikuwa mlangoni na sufuria.

“Nani kafanya hivi?” akauliza.

Nikasema, “Ni huyu binti, mzee. Bado anajifunza.”

Yalitoka mepesi kabisa. Sikuyapanga. Ningekuwa nimeyapanga labda ningeyaogopa. Na wewe ukainama, ukaitazama boneti kwa muda mrefu, kisha ukapiga goti mbele ya mzee ukasema, “Nisamehe, babu. Nadhani jioni udongo ulishika mchanga, mwanga ulikuwa mdogo, sikuona.” Ulijitafutia kosa mwenyewe ukalipata. Uliniangalia kidogo, ukidhani nimeaibika kwa ajili yako, ukaniambia, “Samahani, baba.”

Nami nikasema, “Haya, usirudie.”

Mzee Saidi aliondoka amenuna. Wewe ulikiweka kile kikopo juu ya kabati la jikoni, na tangu siku ile hukukishusha. Uliendelea kunisaidia, kuchanganya rangi, kubandika karatasi kwenye vioo, lakini kila nilipokuambia umalizie gari ulisema, “Malizia wewe, baba, mimi mkono wangu si mzuri.” Nililisikia hilo kwa mwaka na zaidi. Kila mara nilipolisikia nilijiambia, Jumapili hii nitamwambia.

Nikuambie na hili, maana linanifanya niwe mbaya zaidi. Nilipokuwa kijana najifunza kazi Mbinga, fundi wangu aliwahi kuichuruzisha rangi kwenye ubavu wa gari la watu, kisha mwenye gari alipokuja akanisonta mimi. Nilijificha nyuma ya mapipa nikalia, mtu mzima wa miaka ishirini. Nilijiapia nikiwa fundi sitamfanyia mtu hivyo. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba sikujua inavyouma. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale uani.

Ulipopata nafasi ya ile gereji ya Dodoma nilifurahi, nikadhani mambo yamejirekebisha yenyewe. Wiki tatu zilizopita mama yako alikuwa anachambua maharage, akaniambia, “Binti yako amewaandikia wampangie stoo. Ataandika vipuri vinavyoingia na kutoka.”

“Stoo? Si alisomea rangi?”

“Anasema mikono yake si ya kazi ile.”

“Nani kamwambia hivyo?”

Mama yako akaacha kuchambua akanitazama. “Si ulikuwepo?” Hakuwa anajua lolote. Alikuwa anaisema tu ile siku. Lakini nilitoka nje nikashindwa hata kufungua kopo la rangi.

Jumatatu iliyofuata niliwaambia nakwenda Lusewa kumwona binamu yangu. Huo nao ulikuwa uongo, uongeze kwenye hesabu. Nilipita Namtumbo, nikapita Tunduru, nikafika Nalasi siku ya pili, begani nina mfuko wa polishi na vitambaa.

Nilimkuta Mzee Saidi barazani anachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule. Pikapu iko pembeni, imejaa vumbi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Fundi wa Songea! Kheri?”

“Kheri, mzee. Nimekuja kusema jambo.”

Nikalisema. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliweka korosho chini. Kisha akasema, “Subhanallah. Wewe hujui ulichonifanyia.” Nikafikiri anasema habari ya gari. Akaita ndani, “Zaituni! Njoo.”

Akatoka msichana wa rika lako, mrefu, mikono ina unga. Mjukuu wake. Mzee akaniambia, “Huyu mwaka jana aliniomba nimpeleke chuo cha ufundi wa magari. Nikakataa. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu kazi ya binti wa Songea, gari langu ni shahidi. Sasa rudia mbele yake uliyoniambia mimi.”

Nikarudia nikiwa nimesimama. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza.

Yule binti akauliza, “Kwa hiyo yeye hakukosea popote?”

“Popote.”

“Tuone basi.”

Akachota maji, tukaosha pikapu sisi watatu, hata mzee alishika ndoo. Ilipokauka nikaomba nailoni ya mkate, nikamvalisha, nikamwambia apapase mlango. Mlango ulioufanya wewe, Skola, baada ya mwaka na zaidi wa vumbi na salfa wanayopulizia mikorosho. Chembe mpya zilikuwepo, bila shaka. Lakini hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja, na ule weusi ulikuwa bado unaonyesha sura zetu. Kisha akaja kwenye boneti yangu, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo. Mzee Saidi akainama, akaangalia mlango, akaangalia boneti, akarudi mlangoni. “Mikono miwili tofauti,” akasema. “Na mimi nilikuwa na macho, nisione.”

Udongo ule hauondoi mkwaruzo, hilo ulinifundisha wewe. Nikashika polishi. Siku mbili nzima niliisugua ile boneti, vidole vikiwa vyepesi kadiri nilivyoweza kuvilazimisha. Mikwaruzo ilitoka karibu yote. Miwili imezama mno, nikamwambia mzee waziwazi, “Hii miwili haitoki, na nikiendelea nitatoboa rangi.” Akanijibu, “Leo angalau umenionyesha mwenyewe.” Akanipa chai na mihogo. Sikustahili, lakini nilikula, nilikuwa na njaa.

Wakati nafunga mfuko wangu, Zaituni akanisogelea. “Baba, na dada mwenyewe kasemaje ulipomwambia?”

“Bado sijamwambia.”

Alinikodolea macho. “Yaani umeanzia kwetu?”

Mtoto wa watu. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile, na ni kweli nilikuwa nimeanzia mahali pepesi. Kukubali kosa mbele ya mteja ni kazi, lakini jioni unapanda gari unaondoka. Wewe uko kwenye meza yangu kila siku.

Nimerudi na nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi, ukaniuliza kama nina homa. Mara ya pili jirani akaingia kuomba chumvi. Mara ya tatu sina kisingizio. Nilifungua mdomo nikakuuliza kama umenunua dawa ya meno.

Sasa sikiliza. Sikuandikii ili ubadilishe ulichowaandikia watu wa Dodoma. Stoo ni kazi, na mtu anaweza kuipenda. Ukiipenda, kaa huko, uifanye vizuri, na mimi nitawatambia watu hapa Lizaboni. Ila kama uliichagua kwa sababu ya asubuhi ile, ujue ulichagua kwa kusikiliza uongo wangu. Hakuna siku mkono wako uliharibu gari lile. Ulifanya kazi ambayo mimi sijawahi kuifanya, na uliifanya ukiwa na miaka kumi na tisa, na ushahidi wake bado unatembea barabara za Nalasi.

Nilichojifunza mimi ni kidogo na nimekichelewesha. Nilizoea kufikiri kila kitu chenye ukwaruzo juu yake kimeharibika mpaka ndani. Nimekwangua rangi nzima za magari ya watu kwa kufikiri hivyo. Na nadhani nawe nilikukwangua hivyohivyo mara nyingi, ulipokuwa mdogo, nikaona ubishi tu, nikashika msasa. Nilichotakiwa ni maji kidogo na uvumilivu. Sijui kama nitaacha kabisa. Ile tabia imekaa mkononi. Lakini wiki hii nimeagiza udongo wangu mwenyewe, na jana nimesafisha gari la yule mwalimu wa jirani, vidole viwili, na ulipoanguka chini niliutupa. Roho iliniuma, ulikuwa mpya. Niliutupa.

Mzee Saidi amekubali. Zaituni ataanza chuo mwakani, mwezi wa kwanza. Aliniomba namba yako, ana maswali mengi, na nadhani kubwa kuliko yote anataka tu kusikia sauti yako. Sikumpa. Nilimwambia nitakuuliza kwanza. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, ufanye utakavyo.

Watu huandika barua za namna hii ili msafiri azisome njiani, akiwa mbali na aliyeandika. Hata mimi niliwaza hivyo, nikuwekee kwenye begi, uikute Makambako huko. Nikaona nitakuwa nimekimbia tena. Kwa hiyo nakupa leo, mkononi, mara tu mkitoka kwa shangazi yako, jua likiwa bado lipo. Isome chumbani kwako polepole. Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe wakati unasoma, usibebe na hilo.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi. Ukiwa na hasira, njoo nayo, sitajitetea na sitakuambia upunguze sauti. Ukiwa na swali, nitalijibu. Ukitaka kukaa tu bila kusema kitu, benchi linatosha watu wawili.

Nipo hapa uani, Skola. Njoo.

Baba yako